Waliofeli kwa Makusudi

Siku ya mtihani wa kupimwa Kiingereza, Sista alimaliza maswali yote robo saa kabla ya wakati, akaweka penseli chini, akageuka kumtazama mdogo wake aliyekaa karibu na dirisha. Hapo ndipo shetani alipompitia.

Mdogo wake alikuwa anatoka jasho. Alitafuna penseli, akakodolea macho dari kana kwamba majibu yamebandikwa huko, akaandika neno, akalikata, akajishika kichwa. Sista akahisi moyo unamshuka. Huyu alimbeba mgongoni yeye mwenyewe akiwa na miaka minane, akamfundisha kuhesabu kwa maharage, akamwogesha kwa nguvu na kumkimbiza uchi uani mbele ya majirani. Sasa alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na moja, fundi wa lifti mwenye kipara kinachoanza, lakini jasho lile lilikuwa lile lile la siku za hesabu za kugawanya.

Akakumbuka maneno ya mama yao siku ya kuondoka: "Msiachane. Huko mnakokwenda hakuna shangazi wala mjomba."

Basi akachukua kifutio, akaanza kufuta majibu yake. Aliyafuta kama mtu anayechambua mchele kinyumenyume, punje nzuri anazitupa na mawe anayaacha. Kengele ilipolia, karatasi yake ilikuwa imechafuka vya kutosha kumtia aibu mtoto wa chekechea.

Si kwamba Sista hakuwa na haja ya kufaulu. Alikuwa mkunga wa miaka ishirini na mbili kazini. Kila mtu hospitalini, kuanzia mfagizi hadi daktari mkuu, alimwita Sista, hata jina lake halisi likabaki kwenye vitambulisho tu. Kiingereza alikiokota wodini, kutoka kwa madaktari wageni waliokuja na kuondoka, neno hapa neno pale, mikono ikiwa imelowa hadi viwikoni. Sasa hospitali ilitaka awafundishe wakunga wadogo, na sharti lilikuwa cheti cha Kiingereza kutoka chuo kikuu kile cha mbali na kwao. Alipewa likizo ya miezi sita. Mdogo wake, ambaye kazini na nyumbani aliitwa Fundi, yeye alitumwa na kampuni yake ili aweze kusoma vitabu vya mitambo mipya. Wakaomba pamoja, wakakubaliwa pamoja.

"Nitakaa naye mwezi mmoja tu," Sista alijiambia. "Akishazoea, naomba nipandishwe."

Matokeo yalibandikwa ukutani kesho yake. Kulikuwa na ngazi sita. Ndugu hao wawili walikuwa Ngazi ya Kwanza, chini kabisa, pamoja na watu wengine watano.

"Pole, Dada," alisema Fundi, akimtazama kwa jicho la ajabu kidogo. "Nilidhani wewe utaruka juu."

"Uzee, mdogo wangu. Kichwa kimekuwa kama chujio."

Mwalimu wao alikuwa mama mwembamba, miwani yake ikining'inia kifuani kwa kamba, mvumilivu kama anayefundisha ng'ombe kuimba. Wiki nzima ya kwanza aliuliza kalamu iko wapi. Kalamu iko juu ya meza. Sasa iko wapi? Sasa iko chini ya meza. Sista, ambaye aliwahi kubishana na profesa mzima kwa Kiingereza hicho hicho juu ya mtoto aliyetanguliza makalio, tena akamshinda, alilazimika kuitafuta kalamu ile kila asubuhi kama mtu aliyepotelewa na ng'ombe.

Kisha akagundua kwamba kukosea ni kazi. Ukikosea mno unaonekana kichaa, ukikosea kidogo unapandishwa darasa. Kando yake alikaa mwoka mikate mmoja mstaafu, mzee wa watu, aliyekuja kujifunza ili aweze kuongea na wajukuu wake waliozaliwa ughaibuni. Huyo makosa yake yalikuwa safi, ya mtu asiyejua kweli. Sista akawa anamwibia. Mzee akisema "mimi anakwenda", naye Sista zamu yake ikifika anasema "mimi anakwenda". Siku moja Mwalimu alisimama kati yao, akawatazama mmoja baada ya mwingine, akaandika kitu kwenye daftari lake.

Lakini katika kukaa kule nyuma akiiba makosa, Sista alianza kumchunguza mdogo wake, na alichokiona hakikumfurahisha. Mtu asiyejua hukosea palepale kila siku. Fundi alikosea kila siku mahali papya. Neno alilolikosa Jumatatu, Jumanne alilipata, Jumatano akalikosa tena kwa namna nyingine kabisa. Sista alikuwa ameshafundisha wanafunzi wa ukunga wa kila aina, wavivu, waoga na waongo. Hawa wa mwisho aliwanusa kabla hawajafungua mlango.

Kisha ikaja siku ya kituo cha treni. Kipaza sauti kilitangaza kwa Kiingereza, haraka haraka na kwa sauti ya puani, kwamba treni imehamishiwa jukwaa la tatu. Tangazo halijaisha, Fundi tayari alikuwa ameshageuza miguu.

"Umejuaje?" Sista akamuuliza.

"Nimefuata watu."

"Watu gani? Hapa tupo mimi, wewe na njiwa."

"Basi nimefuata njiwa," alisema Fundi, akaendelea kutembea.

Sista akamfuata, kichwani akaanza kusuka mtego. Walikuwa wanaishi ghorofa ya saba ya nyumba ya wanafunzi, vyumba viwili na jiko la kutosha mtu mmoja na nusu. Jumapili ile alipika mchuzi wa nyama, ule ambao Fundi akiusikia harufu tu huanza kuimba. Kisha akachukua kikapu cha nguo, akaenda kufulia chini, na juu ya mfuniko wa sufuria akaacha karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza: tafadhali usiguse, mende ametumbukia humu nilipokuwa nakoroga, na nitamwaga vyote nitakaporudi.

Aliporudi, sufuria halijaguswa. Fundi alikuwa mezani anakula mkate mkavu kwa chai.

"Mbona hujala nyama?"

"Tumbo, Dada. Limekataa nyama."

"Limeanza lini kukataa nyama?"

"Leo."

Sista aligeuka upande wa sinki asije akaonekana anavyocheka. Nimekupata, nimekupata, nimekupata! Alifungua bomba, akaanza kunawa mikono kwa raha zake, na katikati ya kunawa mikono ikasimama. Karatasi ile aliiandika nani? Nani, katika Ngazi ya Kwanza, anayejua kuandika "nilipokuwa nakoroga"? Wahenga walisema mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo.

Aligeuka polepole. Fundi alikuwa anaikunja karatasi mara nne, kwa uangalifu, kama askari anayehifadhi ushahidi, akaitia mfuko wa shati.

"Dada, karatasi hii inasemaje?"

"Sijui. Nimeikuta."

"Umeikuta juu ya sufuria lako?"

"Ndiyo."

"Haya," alisema Fundi.

Sista akajipakulia, akala kijiko cha kwanza huku akimkazia macho. Fundi akasubiri mpaka alipoona kimemezwa. Kisha akavuta sahani, akajipakulia vipande vinne, na tumbo halikukataa hata kimoja.

Tangu siku ile kila mmoja alijua, na kila mmoja alijua kwamba mwenzake anajua, lakini wa kuanza kusema alikuwa nani? Wote wawili walinyonya ukaidi kifua kimoja. Darasani Fundi aliinama na kumuuliza kwa sauti ya upole, mbele ya watu, "Dada, neno hili maana yake nini?" Naye Sista akamjibu, "Tumeanza siku moja, mdogo wangu, nitajuaje?" Nyumbani Sista aliwasha redio, akachagua kipindi cha vichekesho cha Kiingereza, akakaa kumtazama mdogo wake usoni. Fundi alivumilia dakika kumi, midomo ikimcheza, kisha akakimbilia chooni, na kutoka huko ikasikika sauti ya mtu anayekohoa sana.

Mambo yangeweza kuendelea hivyo hadi miezi sita ikaisha. Ila Alhamisi moja, saa sita mchana, walipanda lifti ya jengo la madarasa wakiwa watatu: wao wawili na Mwalimu, aliyekumbatia rundo la madaftari. Lifti ilipita ghorofa ya nne, ikatoa mlio mdogo kama wa ulimi ukigonga kaakaa, ikasimama. Taa ikafifia.

 Kisha madaftari yakaanguka. Mwalimu alikuwa mweupe kama chaki, mkono kifuani, anavuta pumzi fupi fupi za juu juu. Alisema kwa Kiingereza kwamba hawezi kupumua, kwamba tangu utotoni hawezi kukaa mahali palipofungwa.

Fundi alibonyeza kengele. Sauti ya mlinzi ikatoka kwenye kipaza sauti, ya mtu aliyekatizwa chakula. Akasema fundi wa jengo yuko mbali, atachukua dakika arobaini. Kisha akaongeza kwamba kama wana haraka, waisukume milango kwa mikono, wataiona sakafu ya juu usawa wa kifua, wajivute tu watoke.

Mwalimu akaruka kwenda mlangoni.

"Hapana!" Fundi alijitupa mbele ya milango, mikono kaitandaza, na Kiingereza kikamtoka kama maji ya bomba lililopasuka. Hakuna wa kugusa milango hii! Kibanda hiki kikisogea mtu akiwa nusu ndani nusu nje, kitamkata vipande viwili. Wewe bwana, nani aliyekufundisha kazi? Panda chumba cha mashine sasa hivi, zima swichi kuu, ifunge, asiiwashe mtu. Kisha mpigie fundi wako, mwambie aanzie kufuli ya mlango wa ghorofa ya nne, nimeisikia ikigonga tulipopita, haishiki vizuri. Umeelewa? Hebu rudia nilichokuambia.

Mlinzi akarudia, kwa adabu kubwa.

Wakati huo huo Sista alikuwa ameshamshika Mwalimu mabega. Hata yeye hakujua ameanza saa ngapi. Mikono na mdomo vilikwenda vyenyewe, kama vilivyokwenda mara elfu kadhaa wodini, na kwa Kiingereza kile kile cha wodini. Nitazame mimi. Usiutazame mlango, nitazame mimi. Toa pumzi taratibu, kama unapuliza uji wa moto. Vizuri sana. Tena. Unafanya vizuri sana, mama, mimi niko hapa, siendi popote. Pumua. Na usisukume mpaka nikuambie.



Mwalimu akamkodolea macho. Midomo yake ilitetemeka, Sista akadhani analia, kumbe anacheka. Alicheka mpaka akateleza kwenye ukuta wa lifti akakaa chini, katikati ya madaftari.

Fundi aligeuka akamtazama dada yake. Dada yake akamtazama.

"Kumbe!" walisema kwa pamoja.

"Ngazi ya Kwanza," alisema Mwalimu kutoka chini, akipangusa machozi. Kisha polepole kicheko kikamwondoka usoni. "Kalamu iko wapi?"



Dakika zilizobaki zilikuwa ndefu kuliko mwezi mzima wa darasa. Mwalimu hakupandisha sauti. Aliwaambia kwamba kila muhula Ngazi ya Kwanza ina viti saba tu, kwa sababu wasiojua kabisa wanahitaji kusaidiwa mmoja mmoja. Muhula huu waliomba watu tisa. Wawili wakaambiwa wasubiri mwakani.

Hilo lilimwingia Sista kama sindano. Hakuwa amewafikiria hao wawili hata siku moja. Alimfikiria mdogo wake tu, na moyoni alikuwa akijipongeza kwa wema wake.

Milango ilipofunguliwa, Mwalimu alikusanya madaftari yake akawapa adhabu palepale kwenye korido: Jumatatu waje kupimwa upya, kila mmoja na barua ya kurasa mbili kwa mkuu wa chuo, kwa Kiingereza, ya kueleza walichofanya na kwa nini. "Na wewe," akamwambia Sista, "nisione humo kosa hata moja la mwoka mikate."

Walikwenda nyumbani kwa miguu. Walifika mtaa wa pili ndipo Sista alipofungua mdomo.

"Nilifanya kwa ajili yako. Nilikuona unatoka jasho."

"Jasho la kutafuta majibu ya uongo, Dada! Unadhani ni rahisi? Swali la kumi na tano nilikosea kukosea, nikaliandika sawasawa, ikabidi nilifute."

Sista alitaka kukasirika, kicheko kikamtangulia. Walisimama pembeni ya barabara wakashikana mikono wakacheka, wapita njia wakawakwepa.

"Haya, mimi nimesema," alisema Sista alipopata pumzi. "Wewe je? Wewe ulifeli kwa ajili ya nani?"

Fundi akaacha kucheka. Alitembea hatua kama ishirini hivi.

"Ukianzia Ngazi ya Nne, miezi sita umemaliza. Ukianzia ya Kwanza, ni mwaka mzima. Na mimi nilimwambia Mama nikirudi na cheti, naoa."

"Yule binti wa rafiki yake? Mwalimu wa chekechea?"

"Yule. Hana kasoro. Ila sitaki, Dada. Si yule, si mwingine. Napenda nyumba yangu, redio yangu na kimya changu. Nimewaza kila siku kwamba nitabadilika, sibadiliki. Kila mwaka namtafutia Mama sababu. Mara kazi, mara kiwanja, mara jino. Sasa sababu zimekwisha, nikakimbilia Kiingereza."

Sista alimtazama. Miaka kumi na tano alikuwa akimtetea kwa mama yao, akisema muache, bado hajampata wa kumfaa. Hakuwahi kumuuliza hata mara moja anataka nini. Kisha hasira iliyokuwa imechelewa ikafika.

"Kwa hiyo mimi, mkunga mzima, nimekaa mwezi mzima natafuta kalamu chini ya meza kwa sababu wewe unamkimbia Mama?"

"Mimi sikukutuma!"

"Jumamosi Mama akipiga simu, utamwambia mwenyewe. Na mimi nitakaa palepale nikila karanga."

Fundi alilalamika mpaka wakafika nyumbani, lakini alijua ameshikwa. Ijumaa waliziweka barua zao kando, wakafungua kitabu cha Ngazi ya Nne walichoazima maktaba. Sura ya saba ilikuwa juu ya kukataa kwa adabu. Kwanza shukuru. Kisha toa sababu moja, si tano. Kisha kataa, na usiache mlango wazi nusu. Sista alijifunga kitambaa kichwani, akainama mgongo, akachukua mwiko kama fimbo, akawa Mama.

Kwa lugha yao Fundi alishindwa mara tatu. Mara ya tatu alijikuta ameahidi harusi ya Desemba. "Wewe umezidisha!" alifoka. "Mama hana macho hayo."

"Anayo. Haya, jaribu kwa Kiingereza."

Kwa Kiingereza aliweza, tena bila kigugumizi, kwa kuwa katika lugha hiyo hakuwahi kuchapwa. Alishukuru, akatoa sababu, akakataa, akafunga mlango. Sista akavua kitambaa akampigia makofi kwa mwiko.

Jumamosi saa nne simu ililia. Fundi akaiweka sauti ya wazi, akasimama wima kama anayehojiwa kazi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, kitinda mimba wangu. Hamjambo?"

"Hatujambo. Mama, kwanza kabisa ningependa kukushukuru kwa moyo wako wa kunijali kwa muda wote huu."

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, Mama."

"Mbona unaongea kama barua ya serikali?"

Fundi alimtazama dada yake. Sista alikuwa anamenya karanga. Kitabu chote kikamtoka kichwani.

"Mama, sioi. Si kwamba bado. Sioi kabisa. Nilikudanganya."

 Huko mbali mlango uligongwa, mtu akaitwa, maji yakamwagwa.

"Dada yako yupo hapo?" Mama akauliza.

"Yupo."

"Nasikia mtu anatafuna."

Sista akaacha kutafuna.

"Yule binti," alisema Mama taratibu, "tangu mwaka juzi nilimwambia asikungoje. Ameolewa, ana mtoto wa kiume. Mimi nilikuwa nakusubiri wewe, useme kwa kinywa chako. Kila mwaka unaniletea kisingizio na mimi nakipokea, nasema labda hiki ndicho cha mwisho. Cha jino ndicho kilichonichosha. Jino gani linaloumwa miaka miwili?"

"Nisamehe, Mama."

"Nitalia kidogo, nisikudanganye. Nilitaka kumshika mtoto wako. Lakini si leo, leo nina wageni." Akavuta pumzi. "Na cheti?"

Hapo Fundi, aliyekuwa amelowa jasho la kweli, akaona upenyo. "Mama, muulize Dada. Alifeli mtihani kwa makusudi, ati ulimwambia tusiachane."

Sista alimrushia ganda la karanga, lakini maneno yalikuwa yameshafika.

"Wewe!" sauti ya Mama ikajaa jiko. "Nilisema msiachane. Sikusema muwe wajinga kwa pamoja! Mwanamke wa miaka arobaini na tisa! Wanawake huku wanajifungua mikononi mwa watoto wasiojua kushika mkasi, wewe uko huko unafeli?"

Aliendelea dakika ishirini na tano. Wageni walisikika wakimtuliza.

Jumatatu walipimwa upya. Sista aliwekwa Ngazi ya Sita. Fundi akawekwa ya Nne, na alipoona matokeo alisononeka kidogo, maana safari hii alijitahidi kweli na alitarajia ya Tano. Viti vyao viwili vya Ngazi ya Kwanza vikapewa wale waliokuwa wanasubiri. Kwa sababu walikuwa nyuma kwa mwezi mzima, Sista alijitolea kukaa nao saa ya chakula cha mchana, bila kuambiwa na mtu. Mwoka mikate naye akaja, akasema kama kuna darasa la bure yeye yumo. Sista alimwomba radhi kwa yale makosa. Mzee alifurahi sana. Kumbe muda wote alidhani Sista anamfuatiza kwa sababu yeye ndiye aliyepatia.

Ratiba zao sasa ziliachana. Sista alianza masomo saa mbili asubuhi, Fundi saa nne, na Fundi hakuacha kumkumbusha hilo kila jioni huku akijinyoosha. Jumatano ya wiki ya kwanza, Sista aliamka mapema, akavaa, akanywa chai. Kisha akaingia kwa kunyata chumbani kwa mdogo wake, akaitega saa ya kengele ilie saa moja na nusu, akaisukuma chini ya kitanda mpaka kwenye kona ambako mkono haufiki, akatoka. Alisimama kwenye korido, mkoba begani, sikio mlangoni, akisubiri.